Kutoka porini hadi nyumbani: tathmini ya huduma ya DDR mashariki mwa Kongo

CONADER, kisha UE-PNDDR, kisha PNDDR awamu ya tatu, na sasa P-DDRCS: hizi ni taasisi na programu za serikali ya Kongo za DDR, yaani kupokonya silaha, kuvua uanajeshi na kurejesha wapiganaji katika jamii. Majina yamebadilika mara kwa mara tangu 2004, lakini huduma yenyewe ni ileile: mtu mwenye bunduki anatoka porini, anaikabidhi, anaandikishwa, anapewa cheti na nauli, kisha anarudi kwao au anaingia jeshini. Hapa tunaipima kama huduma yoyote ya umma. Inampokeaje mtu? Inamkalisha muda gani? Inampa nini mkononi? Na mwaka mmoja baadaye, yuko shambani au amerudi msituni?

Tunawaandikia hasa machifu, wachungaji, mashehe na watumishi wa mashirika madogo ya Kivu, Ituri na Tanganyika. Ndio wanaofuatwa usiku na mzazi anayesema kijana wake anataka kutoka, na hajui ampeleke wapi.

Kwa jumla tunaipa nyota mbili kati ya tano. Watoto wanahudumiwa vizuri zaidi, na tutafika huko. Meza ya kupokea silaha imekuwa ikifanya kazi kila iliposimamiwa. Ubovu uko katikati, katika zile siku, wiki na miezi kati ya kukabidhi bunduki na kufika nyumbani. Hapo ndipo wanasiasa wanaposubirishana, na anayelala njaa ni mpiganaji pamoja na mke na watoto wake.

Jinsi ilivyopangwa mwanzo

Mkataba wa Pretoria, wa kumaliza vita vya Kongo, ulitiwa saini tarehe 17 Desemba 2002, serikali ya mpito ikaingia kazini katikati ya mwaka 2003, na CONADER ikaanza kupokea watu mwaka uliofuata. Ramani yake ilikuwa nzuri. Kikosi kinakusanywa mahali pamoja na kukabidhi silaha, kisha kinapelekwa kituo cha maelekezo. Huko kila mtu anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, anapimwa afya na kuulizwa maswali ya kuthibitisha kwamba kweli alikuwa mpiganaji. Halafu anachagua. Anayetaka jeshi anaenda kwenye brasaji, yaani kuchanganywa na waliokuwa maadui zake na kufunzwa nao kwa siku 45. Anayetaka uraia anapata cheti, dola 110 za kuanzia, dola 25 kila mwezi kwa miezi 12, na baadaye vifaa au mafunzo ya kazi.

Jambo bora kabisa katika ramani hiyo ni kwamba wote walipita mlango mmoja. Kwa karatasi, kamanda hakuwa na haki ya kusema huyu atakwenda jeshini na yule atarudi kijijini. Mpiganaji alisimama mwenyewe mbele ya meza. Mpango wowote wa leo unaomwachia kamanda kupeleka orodha ya majina tu umerudi nyuma ya mwaka 2004.

Zaidi ya watu wazima 100,000 walivuliwa uanajeshi kwa njia hiyo. Benki ya Dunia na wafadhili wenzake walitenga kama dola milioni 200. Fedha zilianza kukwama mwaka 2006 kazi ikiwa haijaisha, na maelfu wakabaki na cheti bila ile sehemu ya pili: kazi.

Fedha, na kwa nini wengi walichagua uraia

Mwaka 2005 askari wa kawaida wa jeshi la taifa alikuwa akipata takribani dola 10 kwa mwezi, tena zikipitia mikononi mwa wakubwa wake. Ukimwekea mbele dola 110 na uhakika wa 25 kila mwezi, hahitaji kuhamasishwa. Vituo vikajaa waliochagua uraia.

Malipo ya kila mwezi yalifanywa kupitia mawakala wa fedha kwa simu, na wakati ule lilikuwa jambo jipya katika ukanda huu. Lilikuwa wazo zuri kwa sababu mbili: kamanda hakuzigusa fedha, na kila malipo yalibaki na kumbukumbu. Udhaifu wake ulikuwa mtandao. Aliyerudi kijiji cha ndani alitembea hadi mjini kufuata dola 25, na sehemu ikaliwa na safari. Wengine wakabaki mjini karibu na wakala, na ndivyo vijana waliotakiwa kurudi kulima walivyojikuta kwenye vijiwe vya pikipiki. Hatuwalaumu. Anayepanga malipo leo ahesabu kwanza umbali wa wakala ndipo apange kiasi.

Vifaa vilishindwa zaidi. Baiskeli, nyavu na zana za useremala ziliuzwa sokoni mapema, mara nyingine kwa bei ya kutupa. Wasimamizi wengi walisema wapiganaji hawana nidhamu. Sababu ni ya hesabu zaidi. Kifaa kilikuja miezi mingi baada ya mafunzo, mtu akiwa tayari na deni. Halafu kijiji chenye nyumba 200 hakiwezi kulisha maseremala 40. Kabla ya kutoa zana za fani yoyote, hesabu mafundi waliopo, wateja waliopo na umbali wa soko. Kazi hiyo humchukua mtu mmoja siku tatu, na ni nadra kuona ikifanywa.

Kuhesabu watu ni siasa

Kamanda mwenye watu 600 husema ana 2,000, kwa sababu cheo atakachopewa hupimwa kwa idadi ya kikosi, na posho ya wasiokuwepo huingia mfukoni mwake. Mwaka 2005 Afrika Kusini ilipowahesabu wanajeshi wa Kongo kwa kuwaandikisha mmoja mmoja, walipatikana kama 130,000. Orodha za makundi zilikuwa zimedai zaidi ya 300,000. Pengo hilo lilikuwa chakula, mishahara na vyeo vya watu hewa.

Kwa hiyo mashine ya alama za vidole ni chombo cha amani kama meza ya mazungumzo. Mahali uandikishaji ulipofanyika kabla ya kugawa vyeo, ugomvi ulipungua. Vyeo vilipogawiwa kwanza, orodha ilivimba na kila kundi dogo lilitaka kanali wake.

Kuna kosa la upande wa pili pia: sharti la silaha moja kwa kila mtu. Linaonekana la haki, ila linampa kamanda uwezo wa kugawa bunduki kwa ndugu zake siku ya kuandikishwa, huku wapishi, wabeba mizigo na wanawake waliokaa porini miaka mitano wakiachwa nje kwa kukosa chuma mkononi. Utaratibu mzuri unapima silaha kwa kikosi, na unamthibitisha mtu kwa maswali: nani alikuwa mkubwa wako, mlipita njia gani, bunduki hii inafunguliwaje.

Kambi

Hapa tunakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu walipofia.

Mwezi Septemba 2013 wapiganaji 941 waliojisalimisha, pamoja na familia zao, walifikishwa Kotakoli, kambi ya kijeshi iliyojitenga katika mkoa wa Équateur wa wakati huo, mbali kabisa na Kivu. Ilisemekana ni mapumziko ya muda. Walikaa karibu mwaka mzima bila chakula cha kutosha wala dawa. Shirika la Human Rights Watch lilipotangaza uchunguzi wake Oktoba 2014, lilihesabu zaidi ya vifo 100 kwa njaa na magonjwa: wapiganaji 42, wake 5 na watoto 57. Hao walikuwa watu walioitikia wito wa serikali.

Miaka mitano baadaye, baada ya Félix Tshisekedi kuapishwa Januari 2019, makundi kadhaa ya Kivu Kaskazini yalitoka yenyewe kwa matumaini ya utawala mpya. Mengi yalipelekwa Mubambiro, karibu na Sake. Mapokezi hayakuwa tayari, chakula kilikuwa haba, na wengi wakarudi walikotoka. Kila anayerudi hivyo ana simulizi moja, na huko porini simulizi hiyo ina nguvu kuliko tangazo lolote la redio.

Kwa nini kosa lilelile? Jibu la haraka ni fedha na wizi, na lina ukweli. Lakini kuna mvutano wa siasa chini yake, ambao anayetaka kuiboresha huduma hii lazima auelewe.

Kwanza ni Kinshasa na hofu yake. Mwaka 2009 CNDP, kundi la waasi wa Kivu, iliingizwa jeshini kwa pupa, na mkataba ukatiwa saini tarehe 23 Machi. Askari wake walibaki Kivu, chini ya makamanda wao wale wale, na silaha zao. Aprili 2012 wakaasi wakijiita M23, na tarehe 20 Novemba wakaingia Goma. Baada ya hapo serikali iliapa kutorudia: anayejisalimisha apelekwe mbali, Kotakoli, Kitona au Kamina, akatwe uhusiano na kamanda wake. Hoja hiyo si ya kipuuzi.

Pili ni mpiganaji na hofu yake. Kwenda Kamina ni kuliacha shamba, na Masisi au Rutshuru shamba likiachwa msimu mmoja lina mwenyewe mwingine. Ni kuiacha familia bila ulinzi jirani bado ana bunduki. Naye ana hoja. Basi wawili wenye hoja wanasubiriana, na mahali pa kusubiria ni kambi.

Tatu ni wafadhili. Kanuni za Benki ya Dunia haziiruhusu kugharamia kazi ya kupokonya silaha wala shughuli za jeshi. Hulipia sehemu ya mwisho, kumrejesha mtu katika jamii, akishathibitishwa kuwa raia. Chakula cha mtu aliyekwisha kukabidhi bunduki lakini hajawa raia bado ni cha nani? Kwa karatasi ni cha serikali. Serikali inasubiri wafadhili waonyeshe fedha, wafadhili wanasubiri serikali ionyeshe orodha. Pengo la bajeti limekaa sawasawa juu ya sufuria ya kambi.

Ukitaka kujua kama mpango mpya una maana, uliza swali moja kabla ya mengine: siku ya 15 hadi siku ya 90, unga unanunuliwa na nani, kutoka akaunti gani? Likijibiwa kwa jina la taasisi na kiasi kwa mtu kwa siku, kaa usikilize. Likijibiwa kwa neno «washirika», mshauri kijana asubiri.

Mkutano mkubwa hauchukui nafasi ya hatua hizi. Januari 2008 mjini Goma makundi 22 yalitia saini ahadi ya amani, ukaanzishwa mpango wa Amani chini ya Abbé Malu Malu. Posho za wajumbe zilifanya kuwa na kundi kuwe na faida, makundi yakazaliana, na kufikia Agosti vita vilikuwa vimerejea. Leo mashariki ina makundi zaidi ya 120. Isitoshe, kundi la kabila moja halitatua silaha wakati la jirani linazo. Upokonyaji hufaa ukifanywa kwa barabara nzima au bonde zima, pande zote wiki hiyohiyo, na kikosi kisicho na upande kikibaki hapo hadi mavuno.

Watoto: sehemu inayostahili sifa

Aliye chini ya miaka 18 hahitaji bunduki ili kupokelewa, wala haulizwi sharti lolote. Utaratibu unataka jeshi limkabidhi kwa walinzi wa watoto ndani ya saa 48. Anapata hati ya kuachiwa, anakaa kituo cha muda au kwa familia ya malezi, huku ndugu zake wakitafutwa. UNICEF na mashirika ya Kikongo yametoa makumi ya maelfu ya kadogo, yaani askari watoto, kwa njia hii. Kutowapa fedha taslimu kulisaidia: ilimwondolea mkubwa sababu ya kupeleka mtoto wake au wa jirani kuandikishwa.

Hati ile ihifadhiwe kama dhahabu, na nakala ibaki kwa chifu au parokia. Ndiyo inayomwokoa kijana kizuizini askari anapoona kovu begani na kumwita muasi.

Wasichana bado wanaachwa. Wengi hutoroka kimya kimya na kurudi kijijini bila kupita mezani, kwa sababu kuandikishwa ni kutangazwa kwamba waliishi na wanaume porini. Kituo chenye mlango wa nyuma, mwandikishaji mwanamke na kliniki ya kawaida inayohudumia akina mama wote huwapata wengi kuliko bango lenye neno DDR.

Kwa kulinganisha na majirani

Mutobo, wilaya ya Musanze nchini Rwanda, hupokea wapiganaji wa FDLR, waasi wa Kinyarwanda, wanaorejeshwa kutoka Kongo. Mafunzo ya uraia ni mazito kwa siasa za upande mmoja, na hilo si dogo. Lakini anayeingia anajua kozi ina mwisho na kwamba atatoka na kitambulisho. Kwa mtu aliyekaa porini miaka kumi, kujua kwamba kuna tarehe ya kutoka ni nusu ya huduma.

Burundi ilitangulia kumaliza siasa, kambi ikafuata. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliweka kwamba kabila moja lisizidi asilimia 50 ya jeshi. Makubaliano ya Pretoria ya Oktoba 2003 yakalipa kundi la waasi la CNDD-FDD asilimia 40 ya maafisa. Walipofika kwenye meza ya kuandikishwa, nani anapata nini lilikuwa limekwisha kujibiwa, na watu hawakuozea vituoni. Jeshi lile lililochanganywa lilitikiswa vibaya na mgogoro wa 2015, kwa hiyo hatusemi ni dawa ya kila kitu. Ila kwa mpangilio wa hatua, Bujumbura iliishinda Kinshasa kwa mbali.

Mpango wa sasa

P-DDRCS iliundwa kwa amri ya rais Julai 2021, ikaunganisha DDR na STAREC, mpango wa zamani wa serikali wa kuimarisha na kujenga upya mashariki. Kwa karatasi ndiyo bora kuliko zote zilizotangulia: inakataa kugawa vyeo kwa mkupuo, na inamrudisha mtu moja kwa moja kwenye jamii yake badala ya kumfungia kambini. Fedha za kijiji huwanufaisha pia majirani ambao hawakushika silaha, na hilo linapunguza kilio cha «anayeua ndiye anayelipwa».

Kasoro ya kwanza ilikuwa uteuzi. Mratibu wake wa kwanza, Tommy Tambwe, alipingwa tangu siku ya kwanza na sehemu kubwa ya asasi za kiraia za mashariki kwa sababu ya historia yake na makundi ya waasi. Katika huduma inayouza kuaminiana, mlinda mlango ni sehemu ya bidhaa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. M23 ilipofufuka, vijana wa makundi walewale walianza kuitwa Wazalendo na kusimama bega kwa bega na jeshi, na mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya jeshi la akiba. Hivyo serikali moja ina milango miwili: mmoja unapokea bunduki na kuahidi jembe, mwingine unampokea mwenye bunduki na kumpa heshima. Kijana mwenye akili anajua ataingia upi. Mazungumzo ya Nairobi yaliyoanza Aprili 2022 chini ya Uhuru Kenyatta yalikuwa nafasi ya kuulizana hili, lakini milango yote miwili ilibaki wazi. Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu Februari, huduma haina mkono katika miji miwili iliyokuwa mhimili wake. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, nayo ilikwisha kuondoka Kivu Kusini Juni 2024, kwa hiyo zile kambi za walinda amani alizokuwa anakimbilia mtu binafsi usiku hazipo tena upande huo.

Ukifuatwa na mzazi

Usimwambie kijana abebe bunduki barabarani. Silaha hukabidhiwa pale pale kwa miadi, mbele ya mashahidi wawili wasio wanajeshi, na namba yake iandikwe. Kijana atoke mchana, si peke yake, na watu watatu tofauti wajue saa aliyoondoka na anakokwenda. Kama umri wake una shaka, mpeleke kwanza kwa walinzi wa watoto; ni rahisi anayebainika kuwa mtu mzima kuhamishiwa kwa watu wazima kuliko kinyume chake. Mke na watoto waandikishwe siku ileile, kwa majina, maana wengi waliokufa Kotakoli walikuwa wake na watoto.

Kabla hajatia kidole kwenye wino, muulizie mambo manne mwandikishaji, na majibu yaandikwe: atalala wapi usiku wa leo, nani ananunua chakula, cheti kinatolewa siku gani, na nani atamrudisha nyumbani ikiwa siku hiyo itapita bila cheti. Hilo la nne wengi hawana jibu lake. Lisipojibiwa, familia ibaki kijijini na kijana aende kwanza bila mke na watoto.